Aliyetaka Watoto Wetu Wahesabiwe

Sikuwahi kumsikia Mwalimu akimsifu mtoto kwa jambo ambalo mtoto hakulifanya. Watu wengine katika shule ile waliwasifu watoto wetu tangu asubuhi mpaka basi la jioni lilipoondoka. Mtoto akikaa kimya, anasifiwa. Akimaliza chakula na kutupa sahani kwenye pipa, anasifiwa. Mwalimu yeye alilitazama daftari la mtoto kwa muda mrefu, akainua macho, akasema, "Hii bado." Mtoto anarudi kukaa. Walimwogopa, lakini shule ilipofungwa kwa likizo yeye ndiye waliyemuulizia.

Alikuwa Mkenya, mwanamke mfupi mwenye miwani aliyoining'iniza shingoni kwa uzi. Alifundisha darasa la wageni, yaani watoto waliofika Marekani juzijuzi na hawajui Kiingereza. Shule ilikuwa Sharpstown, kusini magharibi mwa Houston, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye apatimenti zetu. Tulikaa pale Warundi tuliotoka kambi za Kigoma, Wakongomani, watu wa Honduras, Waafghani. Walimu wengine tuliwaita kwa majina yao kadiri ndimi zetu zilivyoweza. Yeye tulimwita Mwalimu, basi, na kila mtu alijua ni nani.

Kiswahili chake kilituchekesha. Sisi tuliokulia kambini Tanzania tulijiona ndio wenye lugha. Yeye alisema "hii maneno", alisema "mtoto ako sawa", na katikati anachomeka Kiingereza. Baba Fiston, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa akiongoza kwaya yetu kanisani, alikuwa fundi wa kumwigiza. Misa ikiisha anashusha miwani puani na kusema, "Hii bado," nasi tunacheka mpaka tunashika mbavu. Mwalimu alijua. Siku moja alitukuta pakingi ya apatimenti, akapita katikati yetu na mifuko yake, akasema, "Chekeni tu, bora watoto wenu wafike mapema kesho."

Nyumbani kwangu aliingia mara ya kwanza mwaka 2017, bila kualikwa. Mimi nilikuwa nimetoka kufua mashuka hotelini, miguu imevimba. Alikataa kiti. Akasema, akiwa amesimama, "Mama Eliane, Eliane hajui kusoma."

Nilidhani sikumwelewa. Nikaenda kabatini nikamletea ripoti ya shule ya msingi aliyotoka mwanangu, ambako alikaa mwaka mzima. Ilikuwa imejaa A na B.

"Hii A ni ya nini?" akauliza.

"Ya kusoma."

"Hapana. Hii A ni ya kunyamaza. Eliane ananyamaza vizuri sana."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba mwanangu ana akili, kambini alikuwa wa kwanza. Hakubishana. Alichukua mfuko wa mchele uliokuwa juu ya meza, akamwita Eliane, akamwonyesha maandishi ya upande wa nyuma, mahali pasipo na picha. Eliane aliyatazama. Akaugeuza mfuko upande wa mbele, akaona picha ya sahani, akasema kwa Kiingereza, "Mchele." Kisha akanitazama mimi ili nimwambie amepatia.

Sijui kama kuna kitu kilichowahi kuniuma katika nchi hii kuliko macho yale. Mwaka mzima nilikuwa nimempigia mama yangu simu kumwambia mjukuu wake anaongoza.

Mwalimu hakunipa pole. Alisema, "Ako na akili, hiyo si shida. Shida ni kwamba hakuna mtu aliangalia. Mtihani wa jimbo ndio uliniambia." Akamwagiza Eliane awe anafika shuleni kabla ya kengele ya kwanza, kisha akaondoka. Mwanangu alikuwa anavuka barabara kukiwa bado na giza, na tangu wiki ile hadi shule ilipofungwa nilizoea kuona dirisha la darasa lile likiwaka peke yake.

Kuhusu mtihani, Mwalimu alikuwa na imani ambayo watu wengine wanakuwa nayo kuhusu dini. Alitueleza mara nyingi, kwa uvumilivu ambao hakuwa nao katika mambo mengine. Ipo sheria ya Washington, alisema, inayolazimisha kila jimbo kuwapima watoto kusoma na hesabu, na kutangaza matokeo ya kila kundi peke yake: maskini, weusi, walemavu, wanaojifunza Kiingereza. Kabla ya sheria hiyo, shule ilitoa wastani wa watoto wote, na watoto wa namna yetu wakafichwa ndani ya wastani. Sheria huandikwa upya kila baada ya muda, na kila inapoandikwa upya, alisema, kuna watu wanatafuta mlango wa kuwatoa watoto fulani kwenye hesabu. "Wanakuja na huruma," alisema. "Wanasema, hawa ni wageni, wameteseka, msiwapime. Mtoto asiyepimwa, nani atajisumbua kumfundisha?"

Neno huruma alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya limau. Na bado kabati la darasa lake lilijaa makoti, soksi, pedi za wasichana na biskuti. Ukimuuliza anasema ni vitu vya shule. Mama mmoja Mhonduras aliyekuwa akifanya usafi ofisini alituambia shule haina habari na kabati lile. Mimi mwenyewe nilimwona dukani, katika foleni ya vitu vya bei ya chini, kikapu kimejaa soksi za kiume za saizi tatu, na nyumbani kwake kulikuwa hakuna mwanamume. Aliponiona alianza kunilaumu kwamba Eliane amechelewa Jumanne.

Mwaka huohuo sheria ilikuwa imeandikwa upya si zamani, na jimbo letu la Texas lilikuwa linaandika mpango wake wa kuitekeleza. Maofisa wakaja kusikiliza wananchi katika ukumbi mmoja mjini. Jambo mojawapo lilikuwa hili: mtoto mgeni aanze kuhesabiwa lini katika alama za shule? Walimu wengi walitaka asubiriwe. Mwalimu alitaka ahesabiwe mapema, kuanzia mwaka wa pili. Akanichukua kwa gari lake, nikiwa bado na sare ya hoteli, akaniambia nitasema kwa Kiswahili na yeye atatafsiri.

Nilisimama mbele ya kipaza sauti. Nilisema, "Mtoto wangu alipewa A ya kusoma na hawezi kusoma jina la mtaa wetu. Walionipa ile karatasi walikuwa watu wema. Naomba mniambie ukweli hata kama ni mbaya."

Mwalimu alitafsiri. Halafu akaongeza yake, na ingawa Kiingereza changu kilikuwa kidogo, nilielewa alipogonga meza na kusema, hesabuni watoto hawa. Watu wachache walipiga makofi. Tulipotoka, mwalimu mwenzake wa shule ileile, mwanamume mrefu wa hesabu, alimsubiri karibu na gari. Walizungumza kwa sauti ya chini. Njiani nilimuuliza alisema nini.

"Amesema wakihesabiwa, shule itaanguka."

"Itaanguka?"

"Kila shule inapewa herufi sasa, kama mtoto. A mpaka F. Ikipata F miaka kadhaa mfululizo, inaweza kufungwa, au bodi nzima ya wilaya inaondolewa." Akakata kona. "Lakini haiwezi kufungwa kama watatusaidia. Hiyo ndiyo maana ya kupima. Unapima ili usaidie."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba maji yanachemka kwenye moto. Nilimwamini, na hata leo sidhani alikuwa na makosa.

Kisha kimbunga kikubwa kikaipiga Houston, maji yakaingia ghorofa ya chini ya apatimenti zetu, familia zikatawanyika, watoto wakapoteza wiki nyingi. Mwaka ule shule nyingi za Houston zilisamehewa herufi. Mwalimu alifundisha watoto wenye mabegi yanayonuka ukungu. Baba Fiston na familia yake walihamia sebuleni kwa shemeji yake, na Fiston, mvulana wake mkubwa, mpole, mwenye sauti ya kwanza kwenye kwaya, alianza kusinzia darasani. Mwalimu alimpenda mtoto yule. Alikuwa anamwambia "Hii bado" mara nyingi kuliko wengine, na kwake hiyo ilikuwa ndiyo heshima.

Siku za mtihani, yeye mwenye imani yake alikuwa mgonjwa. Hakula. Alivaa gauni lilelile la bluu na viatu visivyopiga kelele. Sheria za chumba cha mtihani zilikuwa kali: mwalimu haruhusiwi kumsomea mtoto neno, haruhusiwi kutazama karatasi, haruhusiwi hata kumwambia ajitahidi. Masika ya baada ya mafuriko, katikati ya mtihani wa kusoma, Fiston alitapika juu ya karatasi yake. Mwalimu alimsafisha kwa koti lake mwenyewe. Karatasi ile haikuweza kutupwa, kwa sababu kila karatasi ya mtihani ni lazima irudishwe. Ilitiwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukafungwa na kuandikwa, watu wawili wakatia saini. Fiston alikalishwa kwenye kiti karibu na ofisi mpaka baba yake alipotoka kazini.

Nilikuwepo Baba Fiston alipofika, maana nilikuwa nimemfuata Eliane. Alimkuta mwanawe ananuka, amevaa fulana ya timu ya mpira ya shule, na Mwalimu amesimama kando yake.

"Mwalimu," alisema, "mutoto wangu alipita vita, alipita maji. Sasa munamupima mpaka anatapika. Munatafuta nini ndani yake?"

"Natafuta asome, Baba Fiston."

"Atasoma. Pole pole. Lakini mumuache kwanza apumue."

"Hatuna hiyo pole pole. Ako na miaka kumi na nne. Mwaka kesho wanampeleka high school, na huko hakuna mtu atamngoja."

Kila mmoja wao alikuwa anamtetea mtoto yuleyule. Nilitaka kusema hivyo, sikupata nafasi. Baba Fiston alimshika mwanawe mkono na kuondoka, na tangu Jumapili iliyofuata hakumwigiza Mwalimu tena. Mtu akitaja jina lake alikuwa anabadilisha mazungumzo. Fiston alikwama darasa la nane, akalirudia.

Herufi za shule zilipotangazwa, yetu haikuwa miongoni mwa zilizosamehewa, ikapata F. Waliiandika hata kwenye mtandao, mtu wa mbali angeweza kuiona. Herufi hiyo haikumwambia mtu kwamba watoto wa darasa la wageni walikuwa wamepanda. Eliane wangu alikuwa amevuka hatua mbili za kusoma ndani ya mwaka mmoja, lakini alianzia chini sana, na chini pamoja na kupanda bado ni chini. Mwalimu alisubiri msaada. Alisubiri kweli, kama mtu aliyeagiza fundi. Alituambia watakuja walimu wawili zaidi, watakuja wakalimani, fedha zipo ndani ya sheria. Alikuja mwanamke mmoja mwenye kompyuta, akakaa nyuma ya darasa, akaandika, akaondoka. Akaja mwingine. Waliacha mabango ya kubandika ukutani yenye maneno ya kutia moyo. Mwalimu aliyabandika kwa adabu, kisha akatumia nyuma ya moja kuchora ramani ya mito ya Afrika.

Mwaka 2019 watu wa siasa walianza kuzungumza juu ya kuihuisha sheria ile tena. Msaidizi wa mbunge mmoja wa Washington, binti mdogo mwenye nywele fupi, alifika katika maktaba ya mtaa kukusanya maoni. Tulikwenda wachache. Manesi wawili Wakenya, marafiki wa Mwalimu, walitoka kazini moja kwa moja na viatu vyao vyeupe. Kulikuwa na mwakilishi wa walimu aliyetaka mitihani ifutwe yote, na bwana mmoja wa shirika fulani aliyetaka shule zinazoshindwa zifungwe haraka zaidi. Walitupiana maneno juu ya vichwa vyetu.

Mwalimu alisubiri zamu yake. Aliposimama hakumtazama msaidizi, aliwatazama manesi.

"Nyinyi mnapima watu presha kila siku," alisema. "Mgonjwa presha ikiwa juu, mnafunga hospitali?"

Manesi walicheka. "Tunampa dawa," mmoja akasema.

"Huyu hapa," akamwonyesha mwakilishi wa walimu, "anataka kuvunja mashine ya presha. Na huyu anataka kufunga hospitali. Mimi naomba dawa. Andika hiyo kwa sheria. Mkipata watoto wako chini, iwe ni lazima, lazima kabisa, muongeze walimu kabla ya kufanya kitu kingine chochote."

Alilirudia kwa Kiingereza, taratibu, na binti yule aliandika kwenye kompyuta yake akiitikia kwa kichwa kwa heshima. Alisema ni mfano mzuri sana, ataupeleka. Mwalimu alirudi kukaa, akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la gauni. Nilimwona amefurahi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona amefurahi.

Baada ya miezi michache wilaya inayosimamia shule za mji iliitisha mkutano. F ilikuwa imerudi, na wakubwa waliogopa kwamba shule moja ikiendelea kushindwa, jimbo litaichukua wilaya yote mikononi mwake. Dawa waliyoipata ilikuwa kuifunga shule yetu kabla haijashindwa mara nyingine. Watoto wangegawanywa kwenye shule za jirani. Walisema ni kwa faida ya watoto.

Ukumbi ulijaa. Kila msemaji alipewa dakika moja, taa ya kijani, kisha ya njano, kisha nyekundu. Mama Mhonduras alilia mpaka taa ikawa nyekundu bila kusema neno. Ndipo Baba Fiston akaenda mbele, amevaa suti ya kwaya, na mkalimani pembeni. Tulidhani atawasema wakubwa. Aligeuka kwenye viti, akamtafuta Mwalimu kwa macho.

"Mama huyu," alisema, "njo aliomba batoto bahesabiwe. Alienda kwenye mikutano, akaomba. Voilà, bamehesabiwa. Sasa hatuna masomo. Mimi sina kitu kingine cha kusema."

Mkalimani alitafsiri. Wakubwa waliokaa juu mezani waliangalia karatasi zao, na mmoja wao, nadhani, alishusha pumzi kwa kuona hasira yetu imekwenda kwingine. Watu niliowajua, watu waliokula biskuti za kabati lile kupitia watoto wao, waligeuza shingo kumtazama Mwalimu. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wasemaji. Walipoliita, alibaki amekaa. Wakaliita tena, wakaendelea na mwingine. Kura ikapigwa, shule ikafungwa.

Nilimfuata pakingi. Alikuwa ameshika funguo za gari lakini hafungui.

"Kwa nini hukumjibu?"

"Nimjibu nini? Amesema kitu gani ya uongo?"

"Angalau ungesema ulivyofundisha. Eliane anasoma sasa. Ungesema hilo."

"Mama Eliane, walikuwa wamepiga hiyo kura kabla hatujafika. Mimi niende pale nijisifu mbele ya baba wa Fiston?" Akafungua mlango, akaingia, akakaa na mikono juu ya usukani. "Wewe nenda nyumbani. Mtoto ako na shule kesho."

Wilaya ilimpangia shule nyingine, mbali, ambako angefundisha watoto wanaozungumza Kiingereza tangu kuzaliwa. Alikaa huko muda mfupi, akaacha kazi. Nilisikia amehamia kwa binti yake Grand Prairie, kati ya Dallas na Fort Worth. Sisi nasi tulihama. Dada yangu alikuwa Fort Worth na aliniambia ghala anakofanya kazi wanatafuta watu. Tulifika huko mwanzoni mwa 2020, na baada ya wiki chache ugonjwa ukafika pia.

Masika yale mitihani ilifutwa nchi nzima. Eliane alipiga kelele za furaha sebuleni. Shule ikahamia kwenye kompyuta, kamera imezimwa, yeye amelala kitandani na jina lake limeandikwa kwenye kiboksi cheusi. Mimi nilikuwa ghalani, nimevaa barakoa, nikipanga maboksi. Nilijua hasomi. Nilikuwa natoka asubuhi na kurudi nimechoka, na nikimuuliza ananijibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa.

Vuli nilipata siku ya mapumziko nikaendesha mpaka Grand Prairie. Binti yake, nesi, alikuwa amelala baada ya zamu, kwa hiyo Mwalimu alinipokea gerejini, mlango mkubwa umefunguliwa, viti viwili vya plastiki vimewekwa mbalimbali. Alikuwa amekonda. Nywele alikuwa ameacha kuzipaka rangi. Nilimletea mchicha wa bustani yetu ya jumuiya, akaupokea kwa ncha za vidole kana kwamba ungemrukia, kisha akacheka mwenyewe kwa woga ule.

Tulizungumza kwa sauti ya chini. Nilimuuliza kuhusu sheria.

"Hakuna mtu anaongea hiyo sasa," alisema. "Nilimwandikia yule binti wa maktaba. Ameacha kazi kwa mbunge. Hata sijui kama ule mfano wangu ulifika popote."

"Na watoto wa darasa lako?"

"Walitawanywa. Hii shule watano, hii wanne, ile watatu. Nilipiga simu kwa hizo shule. Unajua kitu, Mama Eliane? Hiyo sheria inasema kundi likiwa dogo sana, matokeo yao hayatangazwi. Ni siri ya mtoto, wanasema, na ni kweli, ni sawa. Lakini sasa kila mahali wako wachache. Kwa hivyo hawaonekani mahali popote." Alivuta barakoa yake juu. "Zile shule zimepata herufi nzuri."

Gari la takataka lilipita mtaani, tukasubiri kelele zake ziishe. Kisha akaanza kuniuliza mtoto mmoja mmoja: yule Mwafghani mwenye kigugumizi, wale mapacha wa Honduras. Nilimwambia niliyoyajua. Alipofika kwa Fiston nilisita, na yeye aliona.

"Sema."

"Fiston ameacha shule. Anaosha magari, Houston. Dada yangu alizungumza na mama yake."

"Ameacha lini?"

"Kabla hata ya ugonjwa. Alikaa kule shule mpya muda mdogo tu. Alikuwa anashuka kwenye basi, hapiti mlangoni."

"Na shule ilifanya nini? Walikuja nyumbani?"

"Hapana."

"Walipiga simu?"

"Mama yake anasema hawakupiga."

Mwalimu aliinama mbele, viwiko juu ya magoti. Nilidhani analia, lakini aliponyoosha mgongo macho yalikuwa makavu. Akaniambia nimpe namba ya Baba Fiston. Nilimwambia huenda asipokee, na akipokea huenda amtukane. Alinyoosha mkono tu. Nilimsomea namba, yeye akibonyeza polepole kwenye simu yake, akaweka sauti ya nje kwa sababu sikio moja lilikuwa limeanza kumsumbua.

Iliita kwa muda mrefu. Sauti ya Baba Fiston ikaja, nzito, ya mtu aliyeamshwa.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema. "Usikate, tafadhali. Sitakuchelewesha. Nauliza Fiston."

Nyuma ya Baba Fiston kulikuwa na redio au kwaya, sikujua.

"Iko kazini," akasema mwishowe.

"Ako sawa? Anakula?"

"Anakula."

"Anaimba?"

"Haimbi," Baba Fiston akasema, na sauti yake ikabadilika. "Mwalimu, unajua tangu mutoto aache masomo, hakuna mutu mwenye alishaniuliza. Wewe njo wa kwanza."

Mwalimu alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili karibu na kidevu.

"Basi atarudi saa ngapi?" akauliza. "Nitapiga tena."

"Jioni."

"Nitapiga jioni," alisema. "Mwambie asilale."

Akaagana naye, akaiweka simu gotini, akabaki ameitazama. Kioo chake kilizimika. Mimi nilikuwa na safari ya kurudi Fort Worth, na barabara kuu hujaa mapema, lakini sikuweza kusimama. Tulikaa vile, mlango wa gereji wazi, jua likitupiga miguuni, tukisubiri jioni.